Ambulensi ya Mjambere ni Tuktuk: Barua ya Wazi kwa Serikali ya Kaunti ya Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana, wakuu wa afya na wa zimamoto katika kaunti, na wawakilishi wa wadi zote 30 za Mombasa.

Waheshimiwa,

Barua hii inatoka Mjambere, moja kati ya wadi saba za Kisauni, na inaanza na jambo ambalo kila mwenye nyumba huku analijua. Mtu akizidiwa usiku, ni nadra kusikia jamaa wakisema ambulensi ipigiwe simu. Hutafutwa kijana mwenye mbio, akaambiwa atoke hadi barabarani alete tuktuk. Nyumba ikiwa na mjamzito, mama mwenye busara huwa ameshaweka nambari ya dereva kwenye simu tangu mwezi wa saba wa mimba, na pengine amemwonyesha njia mchana kweupe, maana usiku vichochoro vyote hufanana.

Tuktuk haifiki mlangoni. Mgonjwa hutolewa kwa shuka au kwenye kiti cha plastiki, watu wanne wakimbeba, wa tano mbele na tochi ya simu. Kiti cha nyuma cha tuktuk kimekusudiwa abiria watatu waliokaa wima. Asiyeweza kukaa hulazwa kwenye mapaja ya ndugu zake, miguu ikining'inia nje, na kila tuta la barabarani humfikia mwilini. Nauli hulipwa na mwenye mgonjwa, na bei ya usiku si ya mchana.

Mwandishi wa barua hii hataki dereva huyo alaumiwe. Anataka Kaunti imtazame vizuri na kukubali ukweli mmoja: kwa watu wengi wa Kisauni huyo ndiye ambulensi ya kwanza, na bado hakuna aliyemfundisha kuzuia damu, aliyempa nambari ya kupiga akiwa njiani, wala aliyemwambia hospitali itakuwa inamsubiri.

Hesabu ya watu peke yake ingetosha kuwakosesha usingizi wapangaji wa huduma hii. Sensa ya 2019 ilipata watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kisauni ilikuwa na 291,930, wengi kuliko kaunti ndogo nyingine yoyote kati ya sita. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe, ilikuwa na 154,171. Yaani katika kila wakazi mia wa mji ambao dunia nzima huuita kisiwa, themanini na saba hulala bara. Lakini hospitali kuu ya rufaa, Coast General, ambayo wenyeji hawajaacha kuiita Makadara, iko ng'ambo ya maji. Ni kweli Changamwe kuna Port Reitz, Likoni kuna hospitali yake, na Kisauni kuna vituo vya afya na zahanati ambazo wauguzi wake hufanya kazi iliyopita nguvu zao. Ila fuvu likipasuka, au mama aliyejifungua akivuja damu isiyokoma, mara nyingi barua ya rufaa huelekea kisiwani.

Na kwa mtu wa Kisauni, kisiwani kuna mlango mmoja. Mwaka 1931 Nyali palifungwa daraja la kuelea, watu wakivuka kwa kulipa. Mwaka 1980 likaja hili la zege. Tangu hapo Kisauni imejaa majumba kutoka Mlaleo hadi Kiembeni na kupita, ila daraja ni lile lile. Asubuhi magari hubanana kuelekea mjini, jioni hubanana kurudi, na kati ya Kongowea na Buxton king'ora hulia pale pale kilipo kwa sababu gari la mbele halina pa kupisha. Anayetaka kulikwepa daraja azungukie Mwakirunge hadi Kaloleni, ashukie Mazeras, aingie mjini kwa Makupa. Hiyo ni safari ya kwenda harusini, si ya mgonjwa.

Wa Likoni wana kivuko chao. Ambulensi hupewa nafasi ya kwanza kupanda feri, sawa, lakini haiwezi kupewa feri iliyo katikati ya maji. Hata hivyo barabara ya Dongo Kundu imewafungulia njia ya pili, ya nchi kavu, kupitia Miritini, na mtu wa Kisauni akiitazama, husuda ndogo humjia. Yeye bado ana daraja lake moja.

Kwa nini dakika? Kwa sababu mwili hauna subira ya serikali. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita. Kila dakika inayopita kabla ya moyo kushtuliwa kwa mashine hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili, na saa mbili hizo ndizo ambazo familia huzitumia kumtafuta shemeji mwenye gari.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama hupotea kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Wakunga hufundishwa hilo mpaka leo. Lakini waliona pia jambo ambalo husahaulika upesi, kwamba ucheleweshaji wa pili huzaa ule wa kwanza. Familia inayojua njia ni mbaya na nauli ni kubwa haiamui haraka. Husema, tungoje kidogo, huenda uchungu ukatulia. Tungoje kukuche. Majirani hulaani uzembe wa mume, kumbe mume alikuwa akipiga hesabu ya daraja.

Swali la kwanza kwa Kaunti basi ni jepesi kuuliza. Simu ikipigwa kutoka Mjambere, ambulensi hufika baada ya dakika ngapi? Mkazi wa kawaida hana pa kulisoma jibu. Anajua siku gari jipya jeupe lilipozinduliwa, kwa sababu picha zilipigwa, utepe ukakatwa na ngoma ikalia. Hajui gari hilo lilitumia muda gani kumfikia mtu wa kwanza aliyeliita.

Uingereza huduma ya afya ya umma ilijiwekea kipimo. Mgonjwa aliye katika hatari kubwa kabisa, kama aliyesimama moyo, afikiwe kwa wastani wa dakika 7. Wa kundi la pili, wenye dalili za kiharusi au maumivu ya kifua, wastani wa dakika 18. Desemba 2022 kundi hilo la pili lilisubiri kwa wastani zaidi ya saa moja na nusu. Ilikuwa fedheha, na magazeti hayakuinyamazia. Ila fedheha hiyo ilijulikana kwa sababu huduma yenyewe hutangaza dakika zake kila mwezi, ziwe tamu ziwe chungu. Nchi tajiri ilishindwa na kipimo chake ikaandika kwamba imeshindwa. Hapo pana somo kubwa kuliko gari lolote jipya, kwani asiyehesabu hawezi hata kujua kama ameshindwa.

Kuhesabu kwenyewe hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Ni daftari lenye safu nne: saa simu ilipopokelewa, saa gari lilipoondoka, saa lilipomfikia mgonjwa, saa mgonjwa alipokabidhiwa hospitalini. Ya nne isiachwe. Oktoba 2015 mtu mmoja aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulensi jijini Nairobi kwa saa 18, sehemu ya muda huo mbele ya hospitali kubwa kuliko zote nchini, kwa kukosa kitanda cha wagonjwa mahututi. Aliaga dunia. Ambulensi ilikuwepo na mhudumu alikuwepo naye muda wote huo. Kilichokosekana ni mlango wa kuingilia. Mji utakaohesabu mwendo wa gari tu, bila kuhesabu kusubiri mlangoni, utajisifu kwa nusu ya safari.

Wakati wa kuhesabu, itafaa pia kutenganisha safari za aina mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ambulensi ya umma mara nyingi humtoa mgonjwa zahanati kumpeleka hospitali kubwa. Hiyo ni rufaa, na ni kazi ya lazima. Safari ya kumfuata mtu alipoangukia, sokoni, barabarani au chumbani kwake, ni kazi nyingine. Gari moja likifanya zote mbili, aliyeanguka sokoni atasubiri mpaka aliye zahanati afikishwe Makadara, na dereva arudi tena kwa daraja lile lile. Ndiyo maana hata mahali gari linapolala usiku ni suala la uhai. Gari lililolala kisiwani liko mbali na Mjambere kwa urefu wa foleni. Lililolala Kisauni lina nusu ya safari mfukoni.

Sasa kuhusu wasaidizi wa ambulensi, kwa sababu hapa ndipo barua hii ina neno lake hasa.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, katika sehemu inayotaja kazi za kaunti, limeweka huduma za ambulensi chini ya afya ya kaunti. Katika orodha hiyo hiyo, mbele zaidi, limeweka zimamoto na udhibiti wa majanga. Mwajiri wa dereva wa ambulensi na mwajiri wa mzimamoto ni mmoja. Hakuna barua ya kuandikwa Nairobi, wala wizara ya kusubiriwa. Hata hivyo nyumba ikiungua Kisauni, jamaa huita zimamoto kwa nambari moja, hutafuta ambulensi kwa nyingine, na aliyeungua huondoka kwa tuktuk kabla ya zote mbili.

Seattle ni mji wa Marekani uliobanwa na maji na kushonwa kwa madaraja, kama Mombasa. Mwaka 1970 daktari wa moyo Leonard Cobb na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery walianzisha mpango ulioitwa Medic One, wakawafundisha wazimamoto tiba ya dharura. Sababu yao haikuwa ya kitaalamu sana. Vituo vya zimamoto vilikuwa vimeshatapakaa mjini, wazimamoto walikuwa macho usiku, na gari lao lilifika mapema kuliko lolote jingine. Mwaka 1972 wakaanza kuwafundisha na raia wa kawaida kukandamiza kifua cha mtu aliyesimama moyo, maana waligundua hata gari la zimamoto halifiki kabla ya mke aliye chumba kimoja na mgonjwa. Mji huo ukawa mfano duniani.

Mzimamoto wa Mombasa hatakuwa daktari wa moyo, na hakuna anayemwomba awe. Lakini kuzuia damu, kuweka mgonjwa ubavu, kumshika shingo aliyeanguka kutoka ghorofani asije akapooza kwa kunyanyuliwa vibaya, kukandamiza kifua mpaka wenzake wafike: haya ni mafunzo ya siku chache, yanayorudiwa kila mwaka. Gari la zimamoto likiwa karibu na ajali kuliko ambulensi, litumwe. Maji yake yakibaki bila kutumika, heri.

Polisi nao wana kazi ambayo si ya silaha. Askari wa trafiki aliyesimama Kongowea akipata habari dakika tano kabla, anaweza kuanza kuyasogeza magari mapema, badala ya kungoja mpaka asikie king'ora kimenaswa katikati ya daraja. Hiyo ni simu moja. Polisi ni wa serikali ya kitaifa, si wa kaunti, na hilo lisiwe kisingizio, kwani viongozi wa pande zote mbili huonana kila mara kwa mambo ya usalama.

Usalama wenyewe ni sehemu ya habari hii, na Kisauni haifichi hilo. Mnamo 2018 na 2019 magenge ya vijana wenye mapanga yaliingiza jina la Kisauni magazetini kwa sababu zisizotamanika, na hofu hiyo haijaondoka kabisa. Dereva wa ambulensi anayesita kuingia kichochoroni usiku si mwoga, ni baba wa watoto. Apokelewe basi na kiongozi wa nyumba kumi au askari wa doria, asiachiwe kuamua peke yake gizani.

Na aliyekatwa panga? Huyu huteseka mara mbili. Kuna imani iliyokita mizizi kwamba mtu mwenye jeraha la kupigwa lazima apitie kituo cha polisi kwanza, apate fomu ya P3, ndipo atazamwe. Madereva wa tuktuk hukataa kumbeba kwa kuogopa kugeuzwa mashahidi, au washukiwa. Sheria haisemi hivyo hata kidogo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, imeeleza kwamba matibabu hayo yanaanzia kabla ya hospitali, na kituo chenye uwezo kikikataa kuyatoa kinaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni tatu. P3 ni karatasi ya ushahidi wa mahakamani, inaweza kungoja kesho. Damu haingoji. Kaunti ingeyaandika maneno hayo machache kwa Kiswahili na kuyabandika kwenye kila steji ya tuktuk kutoka Kengeleni hadi Bamburi, ingeokoa watu bila kununua hata bendeji. Bendeji yenyewe kila nyumba inayo: ni kanga safi, iliyokunjwa na kukandamizwa juu ya jeraha bila kufunuliwafunuliwa.

Kwa kuwa Kengeleni imetajwa, ikumbukwe jina lile lilitoka wapi. Freretown, ilipo Kengeleni, ilianzishwa na wamishenari mwaka 1875 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, ikapewa jina la Mwingereza Bartle Frere. Inasimuliwa kwamba kengele iliyosimamishwa pale iligongwa majahazi ya wauza watumwa yakionekana, ili watu wajihami. Kengele moja. Hakuna aliyeuliza ni ya nani, ya kanisa au ya serikali. Ikilia, kila mtu alijua afanye nini.

Karne moja na nusu baadaye, mtu wa Kengeleni ana 999, ana 112, ana 1199 ya Msalaba Mwekundu, ana nambari za kampuni binafsi zinazodai uanachama, ana nambari ya mwakilishi wa wadi, ana nambari ya binamu yake anayefanya kazi hospitalini. Mara nyingi hupiga hiyo ya mwisho. Rwanda ilipoanzisha huduma yake ya dharura ya matibabu, SAMU, mwaka 2007, iliwapa watu 912, bure kwa simu yoyote. Nairobi kumekuwa na mpango wa kibiashara wa kuweka ambulensi za wamiliki mbalimbali kwenye ramani moja, ili iliyo karibu ndiyo iitwe. Ambulensi za Mombasa nazo zimo mikononi mwa wengi: kaunti, Msalaba Mwekundu, hospitali binafsi, bandari. Ikiwa kila mmoja anaziona za kwake tu, mgonjwa anaweza kusubiri gari la mbali huku la karibu limeegeshwa kivulini.

Mfano wa karibu zaidi na Mjambere hauko Seattle wala Kigali. Uko Tanzania. Huko serikali, ikishirikiana na wakfu wa Vodafone, iliijaribu huduma iitwayo m-mama katika sehemu za Kanda ya Ziwa kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua kuwa ya nchi nzima. Mama mwenye dharura, au mhudumu aliye naye, hupiga 115 bila malipo. Anayepokea ni mtu aliyefunzwa, anauliza maswali kwa utaratibu, anaamua ni hospitali gani, kisha anatafuta gari. Ambulensi ikiwa mbali, hupigiwa dereva wa kijiji aliyesajiliwa, mwenye gari lake la kawaida. Akimfikisha mgonjwa, hulipwa kwa simu. Familia haiulizwi nauli. Haiulizwi pia lile swali la nani atalipa mafuta ya gari, ambalo Wakenya wengi wamewahi kulisikia kwenye mlango wa zahanati.

Watanzania, kwa ufupi, walimtazama dereva aliyekuwa akiwabeba wagonjwa tangu zamani, wakamwandika daftarini.

Kisauni ingeweza kwenda mbali zaidi kwa sababu ya umbo lake. Ambulensi haiingii kichochoroni na tuktuk haifai kuvuka daraja na mgonjwa mahututi. Basi zikutane. Kuwe na vituo vya makutano vinavyojulikana na wote, mahali palipo na lami, taa na nafasi ya kugeuzia gari: steji ya Mlaleo, Barsheba, Mwandoni, na kadhalika. Simu ikipigwa, anayepokea hutuma tuktuk iliyosajiliwa kutoka ndani na ambulensi kutoka nje, na kila mmoja anajua anamkuta mwenzake wapi. Kwa njia hiyo hata tatizo la anwani linapungua. Mjambere haina majina ya mitaa ambayo mtu wa mjini angeyapata kwenye ramani. Ina msikiti, kisima, duka la mzee fulani, mwembe uliokatwa zamani lakini bado unaelekezewa. Dereva wa ndani anaujua mwembe huo. Wa ambulensi hana haja ya kuujua.

Kuna na watu wengine ambao tayari wako ndani. Septemba 2023 serikali ya kitaifa ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, ikawapa mabegi yenye vipimo vya presha, sukari na joto. Hawa hupita nyumba kwa nyumba. Wanajua nani ana mimba ya pacha, nani presha yake haishuki, mzee gani anaishi peke yake. Mmoja wao akiipiga nambari moja ya dharura, simu yake ina uzito kuliko ya jirani aliyebabaika, kwa sababu atataja namba iliyosomeka kwenye kipimo. Waunganishwe. Hawahitaji fulana nyingine.

Ipo hoja ambayo Kaunti huenda ikaitoa, na si ya kudharauliwa: kumsajili dereva wa tuktuk ni kuhalalisha huduma duni kwa maskini, huku wenye bima wakiletewa ambulensi yenye oksijeni. Mwandishi ameipima hoja hiyo mara nyingi. Ingekuwa na nguvu kama Kisauni ingekuwa inachagua kati ya tuktuk na ambulensi. Kwa usiku mwingi huchagua kati ya tuktuk isiyojua kitu na tuktuk inayojua kidogo, na tofauti hiyo ndogo inaweza kuwa mtoto anayelia au asiyelia. Usajili lakini usiwe mwisho wa safari. Daftari la dakika ndilo litakaloonyesha kama ambulensi zinaongezeka bara au kama tuktuk zimefanywa kisingizio cha kutozinunua. Moja bila jingine ni hatari.

Fedha nazo zina mahali pa kutoka. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliunda hazina ya dharura na magonjwa sugu na mahututi pamoja na ile ya afya ya msingi. Maana yake, kwenye karatasi, dharura si hisani tena. Wawakilishi wa wadi waulize hazina hiyo imelipia safari ngapi za ambulensi kutoka bara ya Mombasa, na waulize kwa wadi, si kwa kaunti nzima, maana wastani wa kaunti utaificha Mjambere nyuma ya Mvita.

Ombi la barua hii ni dogo kwa makusudi, ili lisije likaundiwa kamati. Kaunti ichague mwezi mmoja. Katika mwezi huo kila simu ya dharura kutoka Kisauni iandikwe kwenye zile safu nne. Ambulensi moja ilale upande huu wa daraja usiku na mchana, na isitumwe rufaa. Madereva wa tuktuk wa steji tatu wafunzwe na wazimamoto pamoja na Msalaba Mwekundu, Jumamosi mbili zinatosha kuanzia. Nambari iwe moja, iandikwe nyuma ya kila tuktuk ambako sasa pameandikwa mafumbo na majina ya wachezaji wa mpira. Mwezi ukiisha, dakika hizo ziletwe kwenye baraza hapa Mjambere na kusomwa hadharani kama zilivyo, hata zikiaibisha. Viti na turubai wakazi watakodi wenyewe.

Kwa heshima,

Mkazi wa Mjambere, Kisauni